Ukienda Okinawa, tenga siku nzima kwa ajili ya kusini: ushauri wa kutembelea makumbusho ya amani na minara ya vita

Watu wa kwetu wanaokuja Japani kwa masomo au mafunzo huniuliza kama Okinawa inafaa kwa likizo. Huwa nawajibu kwamba inafaa sana, bahari yake ni nzuri na joto lake linamkumbusha mtu Pwani, lakini nawaomba wasiondoke bila kufika kusini ya kisiwa, upande wa Itoman, mahali ambapo vita vya Okinawa, katika Vita vya Pili vya Dunia, viliishia Juni 1945. Swali linalofuata huwa ni lile lile: nianzie wapi, nipitie wapi, na nikifika nifanyeje? Nimeona ni bora niyaandike yote mara moja.

Nina sababu yangu ya kulijali jambo hili. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alivushwa bahari pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akapigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, wakati mvua za masika za huko zimegeuza kila njia kuwa tope. Aliporudi hakuwa msimuliaji. Alituambia habari za matope, za nyumbu waliobeba mizigo, na za njaa ya wanakijiji waliowakuta njiani, basi. Kwa hiyo nilipofika Japani nilitaka kujua vita vile viliwafanya nini watu waliokuwa upande wa pili, hasa wale ambao hawakushika silaha. Okinawa ndiyo iliyonijibu.

Ushauri wangu mkuu ni huu: uwanja wa vita uuingie kwa mlango wa raia. Ukianzia kwa majenerali, ramani za mishale na mizinga, utatoka na hadithi ya nani alimshinda nani. Ukianzia kwa wenyeji, utaelewa kilichotokea. Mambo mengine yote ninayoyasema hapa yanatokana na hilo.

Jua haya kabla hujapanda basi

Okinawa ilikuwa ufalme wa Ryukyu mpaka mwaka 1879, Japani ilipoufuta na kuufanya mkoa wake. Lugha yao ilikuwa nyingine, mila zao nyingine, na shuleni watoto walifundishwa kwa nguvu kuwa raia waaminifu wa mfalme mkuu wa Japani. Usipolijua hili, nusu ya mambo utakayoyaona hayatakuingia akilini.

Wamarekani walitua tarehe 1 Aprili 1945 katika fukwe za magharibi, maeneo ya Yomitan na Kadena. Jeshi la 32 la Japani, chini ya Jenerali Ushijima Mitsuru, halikuwazuia pale ufukweni. Lilijichimbia kwenye vilima vya Shuri, kwa nia ya kumchelewesha adui kadiri iwezekanavyo ili Japani bara ipate muda wa kujiandaa. Kisiwa kikawa bei ya kununulia muda. Mwishoni mwa Mei, Shuri ilipokaribia kuanguka, jeshi halikujisalimisha. Lilirudi nyuma kuelekea kusini, huko huko raia walikokuwa wamekimbilia na watoto, wazee na mbuzi wao.

Uamuzi huo mmoja ndio ulioifanya Juni kuwa mwezi wa maangamizi. Askari na wanavijiji walibanana katika mapango yale yale ya mawe ya chokaa. Wenye bunduki waliwatoa wasio na bunduki nje, kwenye mvua ya makombora kutoka melini. Chakula kilichukuliwa. Mama mwenye mtoto anayelia alionekana hatari kwa wote. Aliyesikika akizungumza Kiokinawa aliweza kushukiwa kuwa jasusi, na wapo waliouawa kwa shutuma hiyo. Kuanzia hapo mpaka tarehe 23 Juni, siku inayohesabiwa kuwa mwisho wa mapigano yaliyopangwa, baada ya Ushijima kujiua katika kilima cha Mabuni, watu waliendelea kusukumwa kuelekea kwenye majabali ya bahari ambako hakukuwa na njia tena.

Takwimu za mkoa zinataja vifo zaidi ya 200,000. Wamarekani 12,520. Wanajeshi wa Kijapani kutoka mikoa mingine, karibu 66,000. Waokinawa wenyewe zaidi ya 120,000, na kati yao wanaokadiriwa kufikia 94,000 walikuwa raia wa kawaida. Ni kama mtu mmoja kati ya kila wanne kisiwani. Nakushauri uzisome namba hizi nyumbani kabla ya kwenda, uzizoee, ili ukiwa pale usitumie muda wako kukokotoa.

Anzia chini ya ardhi

Wengi huanzia makumbusho, kisha muda ukibaki ndipo huulizia mapango. Mimi nakuambia ugeuze. Anza asubuhi na pango la Abuchiragama, lililoko Itokazu katika mji wa Nanjo. Urefu wake ni kama mita 270. Mwanzo lilikuwa kimbilio la wanakijiji, halafu jeshi likalichukua, baadaye likafanywa tawi la hospitali ya kijeshi ya Haebaru na kupokea majeruhi wapatao 600. Amri ya kurudi kusini ilipotoka, waliokuwa mahututi waliachwa humo humo, na wengine walipewa sianidi.

Weka nafasi mapema na uombe kiongozi. Usiingie peke yako hata kama ni jasiri. Vaa viatu vinavyoshika chini na nguo usizozionea huruma, maana ardhi ni ya utelezi na paa kuna mahali linashuka mpaka unainama. Utahitaji kofia ngumu na tochi. Uliza pale mapokezi. Kamera iache mfukoni.

Kuna wakati kiongozi huwaomba wote mzime tochi. Msizime kwa sekunde chache kisha mkawasha kwa kukosa subira; vumilieni mpaka yeye aseme. Giza la humo siyo lile la usiku wa kijijini ambalo macho hulizoea baada ya muda. Macho hayalizoei kabisa. Unasikia maji yakidondoka, unasikia mwenzako anavyopumua, na unajiuliza watu waliishije humo kwa majuma na majeruhi wanaolilia maji. Nilipotoka nikakutana na jua na miwa imesimama shambani, sikuwa na haja ya mtu kunieleza tena kwa nini wazee wengi wa pale hawakupenda kuyazungumzia mapango kwa miaka mingi.

Kama una tatizo la kubanwa pumzi mahali finyu, au una mgonjwa wa moyo katika msafara, msijilazimishe. Makumbusho yana mfano wa pango na utasaidia. Ila mwenye uwezo aende kwenye pango lenyewe kwanza, kwa sababu maelezo ya ukutani husomeka tofauti na mtu aliyetoka humo.

Kutoka Itokazu chukua teksi mpaka Himeyuri, mnara na makumbusho ya wanafunzi wa kike waliopelekwa kuhudumu vitani. Ukisubiri basi utapoteza nusu ya siku.

Himeyuri

Hapa nakuomba usiharakishe. Usiku wa tarehe 23 Machi 1945, wanafunzi 222 na walimu 18 wa shule mbili za wasichana, chuo cha ualimu na shule ya sekondari, walipelekwa kuhudumu katika hospitali ya jeshi ya Haebaru. Wasichana hao walikuwa na umri wa miaka 15 hadi 19. Walidhani watafunga bandeji nyuma ya mstari wa vita, na wapo waliobeba madaftari wakiamini watarudi darasani mapema. Hospitali yenyewe ilikuwa mahandaki yaliyochimbwa kilimani. Kazi yao ikawa kushika miguu ya watu wanaokatwa viungo, kumwaga ndoo za kinyesi, kutoka nje kufuata chakula na maji makombora yakianguka, na kuzika.

Tarehe 18 Juni walipewa amri ya kuvunja kikosi: kila mmoja ajitafutie njia. Wamefikishwa mpaka kwenye mstari wa mbele, kisha wanaachiwa hapo. Kati ya wale 240, waliokufa ni 136, na wengi wao walikufa katika siku chache baada ya amri hiyo. Asubuhi ya tarehe 19 pango la Ihara lilishambuliwa, na waliokuwemo wakafa karibu wote. Mdomo wa pango hilo ndio utakaouona mbele ya mnara, umezungushiwa uzio na kujaa maua. Jiwe dogo la ukumbusho liliwekwa hapo Aprili 1946, wakati watu wenyewe bado hawajapata hata paa la kulala chini yake.

Makumbusho yaliyo nyuma ya mnara yalifunguliwa mwaka 1989, na waliosukuma kazi hiyo ni manusura pamoja na wanafunzi wenzao wa zamani. Kwa miaka mingi manusura hao walisimama humo kuwasimulia wageni kwa vinywa vyao, mpaka mwaka 2015 umri ulipowazidi. Sasa kazi hiyo inafanywa na vijana waliofundishwa nao. Ndiyo maana naipenda sehemu hii kuliko zote: haikujengwa na serikali kutoka juu, ilijengwa na watu waliotaka wenzao wasisahauliwe.

Kuna chumba chenye picha za waliokufa, sura za wasichana wa shule, nywele zimekatwa sawasawa. Chini ya kila picha kuna maneno machache: alikuwa mtu wa namna gani, alifia wapi. Huyu alipenda michezo. Yule alikuwa mpole, mwenye kusaidia wadogo zake. Wengine mahali walipofia hapajulikani. Katikati ya chumba kuna vitabu vikubwa vya ushuhuda. Usipekue vyote. Chukua ushuhuda mmoja, keti, uusome kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata kama ni mrefu. Ushuhuda mmoja uliosomwa wote utakaa nawe miaka; vipande ishirini utavisahau kabla ya chakula cha jioni.

Kama wewe ni mwalimu, tenga muda zaidi. Utajikuta unawafikiria walimu wale 18, waliowaongoza wanafunzi kuingia katika jambo ambalo hawakuweza kuwatoa.

Mabuni: makumbusho ya mkoa

Kutoka Himeyuri mpaka Mabuni ni mwendo mfupi wa basi. Makumbusho ya Amani ya Mkoa wa Okinawa yanatazama bahari, na jengo la sasa lenye vigae vyekundu lilifunguliwa mwaka 2000. Kiingilio ni yen mia chache tu. Maonyesho ya kudumu yako ghorofani.

Watu wengi hupita vyumba vya kwanza haraka wakitafuta mabomu. Usifanye hivyo. Vyumba vya kwanza vinaeleza namna jamii ilivyotayarishwa kwa vita: vitabu vya shule, sherehe, nyimbo, mazoezi ya kijeshi kwa watoto. Vita havikuanzia ufukweni tarehe 1 Aprili. Vilianzia darasani miaka mingi nyuma, na makumbusho haya hayaogopi kusema hivyo.

Tafuta mfano wa pango wenye sanamu ya askari wa Kijapani aliyesimama na bunduki, huku familia imejikunyata. Bunduki ile ina historia yake. Mwaka 1999, jengo jipya likikaribia kufunguliwa, uongozi wa mkoa wa wakati huo ulitaka iondolewe ili askari asionekane kuwatisha raia wake mwenyewe. Magazeti ya Okinawa yakafichua, manusura na wananchi wakapinga kwa nguvu, na bunduki ikarudishwa. Nakueleza haya ili ujue kwamba kila kitu unachokiona katika makumbusho yoyote, iwe hapa au Songea au Nairobi, kuna mtu aliyeamua kionekane, na pengine kuna mtu aliyetaka kisionekane. Zoea kuuliza: katika picha hii nani ameshika silaha, na ameielekeza kwa nani?

Chumba cha ushuhuda kimejaa vitabu juu ya meza, kurasa kubwa, maneno ya wakulima, mama wa nyumbani, watoto. Tafsiri ya Kiingereza ipo. Kama umesoma ushuhuda mzima Himeyuri, hapa unaweza kusoma ule wa mtu aliyekuwa mtoto mdogo wakati huo. Mtoto husimulia vitu ambavyo mkubwa huvificha.

Chumba cha mwisho kinahusu miaka ya utawala wa Marekani, iliyoisha tarehe 15 Mei 1972, na kambi zilizobaki. Wageni wengi wanafika hapo wamechoka na kupita mbio. Jikaze. Mkoa huu una asilimia kama 0.6 tu ya ardhi ya Japani, lakini umebeba karibu asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na majeshi ya Marekani pekee nchini humo. Ukisikia ndege za kivita zinapita juu ukiwa Naha au Ginowan, utaelewa kwa nini wenyeji hawalizungumzii jambo la 1945 kama kitu kilichopita.

Majina

Halafu toka nje, uende kwenye kuta za majina. Zilizinduliwa tarehe 23 Juni 1995, miaka 50 baada ya vita, gavana akiwa Ota Masahide, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi aliyesombwa kuingia vitani mwaka 1945 na akanusurika. Ni mawe meusi yaliyopangwa kwa mikunjo kuelekea bahari, na yamechorwa majina zaidi ya 240,000. Mengine huongezwa kila Juni, kwa sababu bado watu wanaleta ushahidi wa ndugu zao.

Waliandikwa wote. Raia na askari, Mwokinawa na Mjapani wa bara, Mmarekani, Mwingereza, Mkorea, Mtaiwani. Hakuna cheo mbele ya jina. Wamarekani zaidi ya 14,000 wapo, kwa majina yao, kwenye ardhi ya watu waliopigwa na mizinga yao. Upande wa Wakorea utaona mawe mengi matupu; waliletwa kwa maelfu kufanya kazi za jeshi, lakini majina yaliyopatikana ni machache, na zipo familia zisizotaka ndugu yao aandikwe pamoja na waliomchukua. Utupu huo nao usimame mbele yake.

Kwenye mawe ya Waokinawa tembea polepole, kijiji baada ya kijiji, familia baada ya familia. Hata kama husomi Kijapani, utaona alama ile ile ya jina la ukoo ikijirudia mistari kwa mistari: nyumba nzima imekwisha. Na kuna mistari isiyo na jina, imeandikwa tu "mtoto wa fulani", "mwana wa kwanza wa fulani". Ni watoto wachanga waliokufa bila mtu wa kukumbuka jina lao, kwa kuwa aliyelijua alikufa nao. Muombe mtu akuonyeshe mmoja. Mimi nilionyeshwa na mama mmoja mzee aliyekuja kufuta jiwe la kwao kwa kitambaa, na nilikaa pale muda mrefu.

Nilifikiria kwetu. Mnara wa Askari uliopo katikati ya Dar es Salaam unawasifu askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini wenyewe hawajatajwa hata mmoja. Wapagazi waliokufa kwa malaria, kuhara na njaa wakibeba mizigo ya Waingereza ni makumi ya maelfu. Aprili 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hawakukosa majina. Waliowaajiri hawakuona haja ya kuyachonga, wakati Waokinawa, waliotoka katika vita hivyo wakiwa maskini na mji wao umeungua, walimtafutia nafasi hata mtoto asiyejulikana.

Kwa hiyo nakupa kazi moja kabla ya safari. Waulize wazee wa kwenu kama kuna aliyekwenda Burma, Abisinia au Madagaska na hakurudi. Kumbukumbu za tume hiyo zinatafutwa bure mtandaoni, na waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana wengi wao wameandikwa Taukkyan, karibu na Yangon. Jaribu tahajia zaidi ya moja, maana makarani waliandika majina yetu kama walivyoyasikia. Ukifika Okinawa ukiwa na jina la mtu wa kwenu kichwani, kuta zile utazisoma kwa njia nyingine kabisa.

Vya kuacha, na vya siku nyingine

Kilima cha Mabuni kimejaa minara ya mikoa ya Japani, kila mkoa na wake. Baadhi inatukuza ushujaa wa askari na haisemi neno juu ya wenyeji. Panda ukitaka, uone tofauti, lakini usiipe zaidi ya nusu saa. Badala yake nenda Konpaku no To, karibu na bahari, mahali wanavijiji wa Mawashi, waliohamishiwa huko mwaka 1946, walipokusanya mifupa iliyotapakaa mashambani, ya watu kama 35,000, bila kuuliza ni ya nani, wakaiweka pamoja. Hawakuweza kulima kabla hawajaiokota.

Mahandaki ya makao makuu ya jeshi la majini yaliyoko Tomigusuku yafanye asubuhi ya siku nyingine. Yanavutia, ukuta bado una alama za guruneti, lakini yanaeleza vita kwa upande wa maofisa. Kinachoyaokoa ni simu ya maandishi aliyoituma Ota Minoru, kamanda wao, tarehe 6 Juni, akieleza mateso ya wananchi wa Okinawa na kuomba waje kutendewa kwa heshima maalumu.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Yomitan. Kuna mapango mawili yasiyo mbali sana. Chibichirigama walikuwemo watu kama 140, na zaidi ya 80 walikufa kwa kuuana na kujiua wenyewe kwa wenyewe, wakiamini waliyoambiwa kuhusu Wamarekani; wengi walikuwa watoto. Shimukugama walikuwemo kama 1,000, na waliokoka, kwa sababu wanaume wawili waliowahi kuishi Hawaii waliwaambia wenzao kwamba Wamarekani hawaui raia wanaojisalimisha, wakatoka kwenda kuzungumza nao. Chibichirigama usiingie ndani. Familia zimeomba pasikanyagwe. Simama nje, inatosha.

Mambo ya safari

Kutoka stendi kuu ya mabasi ya Naha panda namba 89 mpaka Itoman, kisha 82 mpaka Himeyuri na Mabuni. Mabasi ya 82 si mengi, kwa hiyo piga picha ratiba ya kurudi mara tu unaposhuka. Maji beba ya kutosha. Mei na Juni ni msimu wa mvua. Watu watakushauri uukwepe, lakini vita vilipiganwa katika mvua hizo hizo, na matope ya Itoman yatakueleza jambo. Kuanzia Julai angalia habari za vimbunga.

Usikate njia vichakani. Kuna nyoka wa sumu aitwaye habu, na mabomu ambayo hayakulipuka bado yanafukuliwa mpaka leo, sawa na mifupa.

Watoto je? Wa chini ya miaka 10 mimi sitawapeleka pangoni wala kwenye picha za maiti zilizoko makumbusho. Wapeleke kwenye kuta za majina, kuna uwanja mpana, na uwaeleze kwa maneno ya nyumbani. Wakubwa zaidi wapeleke kote, ila mwende pamoja, msiwaache watangulie.

Kuhusu picha: kuta, bahari na jengo, piga. Usijipige ukitabasamu mbele ya majina, na usimpige mtu aliyekaa na familia yake. Ukimkuta mtu ameweka chakula na maua chini ya jiwe, pita nyuma yake na uiname kidogo. Akikuanzishia mazungumzo, kaa. Mara nyingi wataanza kwa kukuuliza umetoka wapi, na ukisema Afrika watashangaa umekuja kufanya nini hapo. Mimi nilimweleza mzee mmoja habari za babu na Burma. Alinyamaza, akaniambia kaka yake mkubwa alipelekwa huko huko na hakurudi, kisha akanimenyea chungwa.

Ukiweza kuchagua tarehe, chagua 23 Juni. Ni sikukuu katika mkoa huo, na saa sita kamili mchana watu wote pale Mabuni husimama kimya. Siku hiyo fika kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu barabara hufungwa kwa ajili ya msafara wa waziri mkuu na mabasi hujaa. Familia huanza kuwasili alfajiri, na muda ule wa mapema, kabla ya viti na vipaza sauti, ndio bora zaidi wa kuwa pale. Nunua maua njiani, Himeyuri yanauzwa mlangoni.